Sufuria ya Bibi Ndani ya Kioo

Nilipostaafu ualimu nilidhani nimemaliza kusahihisha insha mbovu. Kumbe nilikuwa naenda kuziandika mwenyewe, tena kwa mshahara. Taasisi moja ya binafsi hapa Tanga, yenye kazi ya kuhifadhi urithi, sanaa na elimu ya mwambao wetu wa kaskazini, ilikuwa inatafuta mtu wa kuandika maelezo ya Kiswahili ya kubandika kando ya vitu vyake vya maonesho. Nikaomba, nikapata. Cheo changu kikaitwa Afisa Maudhui. Shangazi yangu aliponiuliza maudhui ni nini, nilimwambia ni yale yaliyomo ndani. Akauliza, "Ndani ya nini?" Nikamwambia anywe chai yake.

Taasisi ilianzishwa na mfanyabiashara mmoja ambaye babu yake alikuwa na duka la vitambaa mjini hapa, familia ya Kiislamu yenye asili ya Kihindi, na watu wazima wengi wa Tanga walishonewa nguo zao za Idi kwa vitambaa vya duka lile. Yeye mwenyewe anaishi mbali. Huja mara moja kwa mwaka, hupita vyumbani taratibu mikono mgongoni, husema "vizuri, vizuri," akaondoka. Sina neno naye. Neno langu ni na sisi tuliokuwa tunabaki hapa kuusubiri mwaka mwingine.

Tulikuwa na nyumba ya ghorofa ya zamani, iliyokarabatiwa vizuri sana mpaka ikapoteza harufu ya nyumba. Ukutani pa kuingilia palichorwa nguzo tatu: Urithi, Sanaa, Maarifa. Kila tulichofanya kilitakiwa kiegemee nguzo mojawapo. Mkurugenzi wetu, mtoto wa Tanga huyu huyu aliyekaa Ulaya miaka mingi akarudi na miwani myembamba na huruma nyingi kwa utamaduni wake mwenyewe, alikuwa na swali moja la kila asubuhi: "Hili ni la nguzo gani?" Hata bomba la chooni lilipopasuka alimuuliza fundi hivyo hivyo, kwa mazoea, na fundi akamwangalia kwa muda akaendelea kukaza.

Warsha tulifanya, na si moja. Tulifanya warsha ya ususi wa mikeka ambayo wasusi walialikwa kuja kusikiliza. Tulifanya mjadala wa kuinusuru lahaja ya Kimtang'ata, na mjadala ukaendeshwa kwa Kiingereza. Mzee mmoja aliyeletwa kutoka pwani ya huko, ambaye ndiye peke yake ukumbini aliyekuwa anaisema lahaja yenyewe, alipewa chupa ya maji na kiti cha mbele, akasinzia kwa adabu mpaka wakati wa picha. Mimi ndiye niliyeandika taarifa ya siku ile. Niliandika kwamba wazee walishirikishwa kikamilifu.

Sasa niseme habari ya sufuria.

Bibi yangu mzaa baba, mtu wa Mabawa, aliuza bangili zake za dhahabu akanunua sufuria ya shaba, kubwa, ambayo mwanamke mzima angeweza kuchutama ndani yake. Hakuinunua aipikie nyumbani kwake. Aliita mashahidi akatamka mbele yao kwamba sufuria ile ni wakfu: si yake tena, wala si ya wanawe, ni ya Mungu, na watu waitumie. Mwenye harusi, mwenye msiba, mwenye hitima, mwenye maulidi. Kwa desturi yetu mtu haji kuomba kitu cha wakfu. Husimama mlangoni akasema, "Nimekuja kuchukua sufuria," na mtunzaji humuuliza kuna nini, apate kujua atoe pongezi au pole. Hurudishwa imeoshwa, na sahani ya kile kilichopikwa, na anayeirudisha husema, "Mungu amfikishie mwenyewe." Mwenyewe ni bibi. Kila sinia la pilau lililotoka mle, bibi hufikiwa na fungu lake la thawabu huko kaburini aliko, maadamu chombo kinatumika. Kisipotumika, hakuna kinachomfikia. Ndivyo tulivyofundishwa, na shangazi yangu, aliyeachiwa utunzaji mama yake alipofariki, aliishika imani hiyo kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo akiwa kisimani.

Lakini shangazi alizeeka. Magoti yalianza kumsumbua, na wachukuaji wa siku hizi wakawa wanarudisha sufuria ina ukoko chini na mwiko umepotea. Alikuwa anatafuta mtu wa kumpokea. Mimi nilishamwambia kwamba nyumba yangu ni ndogo, na kweli ni ndogo, ingawa si kwa kiasi nilichomwambia.

Basi siku moja mkurugenzi alituita wafanyakazi wote akatutaka kila mmoja alete kutoka kwao "kitu chenye simulizi". Aliniangalia mimi hasa. Akasema mtu kama mimi, mwenye mizizi ya Mabawa, mwalimu wa watu, ndiye roho ya taasisi. Nilijua kwamba navishwa kilemba cha ukoka, lakini kilinikaa vizuri kichwani. Jioni ile ile nikaenda kwa shangazi.

"Hao watu wana pa kuiweka?" akaniuliza.

"Wana nyumba nzima, shangazi. Na mlinzi, na gari."

"Na wenye shughuli wataifuata huko?"

"Wataifuata."

"Maana msiba hautazami saa, mwanangu."

"Mlinzi yupo siku zote."

Akasema hewala. Alifurahi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliamini kwamba nimempatia mtunzaji kijana, mwenye nguvu, mwenye gari, na kwamba kazi ya mama yake imepanda daraja. Nilijua anamaanisha nini aliposema wataifuata, na nilijua mimi namaanisha nini, nikanyamaza. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mwanamke aliyenilea.

Taasisi iliipokea sufuria kwa shangwe. Aliletwa mtaalamu wa usafishaji kutoka nje, akajifungia nayo wiki mbili chumba cha nyuma pamoja na dawa zake. Ilipotoka, hata mimi sikuijua. Masizi yote ya nje yalikuwa yameondoka, na ndani nako alikwangua na kusugua mpaka ikawaka nyekundu pande zote. Ikawekwa ndani ya kabati la kioo, katikati ya chumba, taa ndogo ikaielekea kwa juu. Niliandika maelezo niliyoagizwa: "Chombo cha shaba cha kupikia. Kinaashiria mshikamano wa jamii za mwambao." Mkurugenzi alilipenda sana neno mshikamano.

Haukupita mwezi jirani wa shangazi akafiwa na mama yake. Watoto wa marehemu wakaenda kwa shangazi kama kawaida, naye akawaelekeza kwa fahari, nendeni mjini, mahali fulani, iko kwa binti yetu. Wakaja ndugu watatu asubuhi, na gongo la kubebea. Dada wa mapokezi akawauliza wanataka tiketi ngapi. Wakasema wamekuja kuchukua sufuria. Akaitwa mkurugenzi, akawapa pole, kwa dhati kabisa, kisha akawapa fomu. Kitu cha mkusanyiko, aliwaeleza, huazimwa kwa barua, na maombi hujibiwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi. Mkubwa wao akamjibu kwa upole kwamba mama yao anazikwa adhuhuri. Waliondoka na gongo lao na vipeperushi vitatu vya rangi. Mimi nilikuwa ghorofani, na sauti zao nilikuwa nazisikia zote. Sikushuka.

Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, shangazi alikuja mwenyewe. Alipanda zile ngazi za mbele moja moja, ameshika ukuta, buibui limejaa vumbi la Mabawa. Mkurugenzi alimwamkia shikamoo kwa kuinama, akamletea kiti, akaniita nije. Shangazi hakukaa. Aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha sufuria akasimama mbele ya kioo.

"Mbona mmeifungia?" akauliza.

"Tunaihifadhi, mama," mkurugenzi akasema. "Ili isiharibike."

"Iharibike na nini?"

"Na matumizi."

Shangazi akamgeukia. Hakuinua sauti. "Baba, n'kwambie. Miaka yote hii mama yangu anapata. Kila msiba, kila harusi, anapata. Leo mimi mwanawe nimemfungia mlango kwa mkono wangu. Na siku si nyingi nitakwenda kuonana naye. Nitamwambia nini?"

Mkurugenzi alivua miwani. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na sidhani kama alikuwa anaigiza. Kisha akamwomba shangazi, kama haitakuwa taabu, ayarudie maneno yale yale kwa kamera.

Na shangazi akayarudia. Alidhani malalamiko yake yanaandikwa yapelekwe kwa wakubwa, kwa hiyo aliyasema vizuri zaidi, pole pole, akitaja mpaka jina la babu yake. Wiki iliyofuata maneno hayo yakarushwa kwenye mtandao wa taasisi, yametiwa muziki wa udi kwa chini, na tafsiri ya Kiingereza iliyosema kwamba bibi huyu mkongwe ana furaha kuona urithi wa familia yake umepata makao. Watu wengi walituma mioyo. Tafsiri sikuifanya mimi, lakini niliiona kabla haijatoka, na nilichosahihisha ni tahajia ya Mabawa.

Nyumbani shangazi hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Alikuwa ananikaribisha kama mgeni, ananiandalia chai ndani ya kikombe cha kabatini, kile cha watu wasio wa nyumbani. Nilikunywa chai ya kikombe kile majuma mengi, na kila nilipoondoka nilikuwa na hasira, mara na mkurugenzi, mara na mimi mwenyewe, mara na marehemu bibi kwa kuuza zile bangili akanunua sufuria badala ya kula zake kuku.

Ukakaribia mwezi wa Shaaban, ambao sisi husomea hitima wafu wetu kabla ya kuingia Ramadhani. Shangazi akasema safari hii atamsomea mama yake peke yake, na kama sufuria haipo basi atamwomba msamaha. Maneno hayo yalinikosesha raha. Nikakaa mezani pangu ofisini, nikafikiri, nikaona kwamba nimekaa na watu hawa muda wa kutosha kuijua lugha yao. Kama ningewaomba sufuria wangenipa fomu. Kwa hiyo sikuomba. Nikaandika andiko.

Nililiita "Utafiti wa Matumizi Hai ya Chombo cha Shaba Katika Mazingira Yake ya Asili". Mazingira ya asili yalikuwa uwani kwa shangazi. Nilieleza kwamba hitima ni urithi, kwamba dua husomwa kwa mahadhi hivyo ni sanaa, na kwamba akihudhuria mtafiti mwenye daftari itakuwa maarifa. Nguzo zote tatu kwa siku moja. Niliweka na malengo mahususi. Likapitishwa upesi kuliko andiko lolote nililowahi kuliona, na mkurugenzi akanishika mkono akasema sasa nimeanza kuelewa. Sharti lilikuwa sufuria irudi baada ya siku mbili, katika hali iliyotoka nayo.

Siku ya hitima uwani kwa shangazi palikuwa pamejaa tangu asubuhi. Wanawake walikuwa wanachagua mchele, mbuzi alikuwa ameshachinjwa, mafiga yameshapangwa, makubwa, yale ya kazi. Shangazi alivaa kanga mpya. Gari la taasisi likafika, wakashuka watu wawili wenye glavu nyeupe wameibeba sufuria ndani ya blanketi, na mtafiti nyuma yao. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akaja, akaipapasa masikio yote mawili, akamtaja mama yake kwa jina. Kisha akachungulia ndani.

Alichungulia kwa muda mrefu.

"Bati liko wapi?" akauliza.

Mwenye glavu hakuelewa. Shangazi akapitisha kidole ndani, akakiinua. "Humu ndani mlikuwa na bati. Jeupe. Liko wapi?"

"Uchafu uliondolewa, mama," akajibu yule mtu kwa heshima. "Ulikuwa umeganda sana. Ilichukua siku nne."

"Ule si uchafu, mwanangu. Ule ndio uliokuwa unawafanya watu wakila wasife."

Mtafiti akaandika.

Nieleze kwa asiyejua. Shaba tupu haipikiwi watu. Chakula kikikaa humo hutoa kutu ya kijani, na kutu ile ni sumu. Ndiyo maana sufuria za shaba hupakwa bati ndani, na bati likichakaa hupelekwa kwa fundi akalitia upya. Kila mpishi wa shughuli analijua hilo. Taasisi yenye nguzo tatu, mtaalamu wa kutoka nje na Afisa Maudhui haikulijua, na mimi nimekula pilau ya sufuria ile tangu sijaota meno. Nilitamani ardhi inimeze.

Shangazi alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Mchele ulikuwa umesharowekwa, wasomaji wanaanza kuingia. Hatimaye akainuka, akawatuma watu wakakodi masufuria ya alumini, tukapika humo. Ile ya shaba akaamuru iwekwe karibu na mlango ijazwe maji ya bomba, na kata juu yake, kila anayeingia anawe mikono au achukue udhu. Akasimama pale mwenyewe kuwatekea watu maji. "Leo mama atapata ya maji," alisema. Nilikuwa nalia, na sikujificha, nikasingizia kitunguu ambacho sikuwa nimekishika.

Mtafiti aliandika siku nzima na kula vizuri. Taarifa yake ikatoka baada ya wiki tatu, na ilikuwa na habari kubwa: kwa ushahidi wa macho, chombo kile hakikuwa cha kupikia hata kidogo, bali cha kutawadhia, na mlinzi wake wa kimila ni mwanamke mzee anayesimama langoni kuwagawia waumini maji. Mkurugenzi alinunua keki. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nilijaribu. Nilikwenda ofisini kwake nikamwambia sufuria ni ya kupikia, kwamba nimelelewa kwayo, kwamba maji yale yalitokana na makosa yetu. Alinisikiliza vizuri sana. Akasema kumbukumbu binafsi ni muhimu, na kwamba atahakikisha zinatajwa kwenye tanbihi. Kisha akanitaka niandike maelezo mapya ya kibao, kwa lugha zote mbili.

Hapo ndipo nilipochoka. Sikupaza sauti wala sikuandika barua ya kuacha kazi. Nilimwambia kwamba, kwa vile nguzo ya Sanaa haijawa na tukio msimu ule, ninamjua fundi mmoja wa zamani wa kutia bati, na kwamba kazi yake, inayofanywa kwa moto na moshi mweupe, hupendeza sana katika picha. Akauliza kama fundi ana mavazi maalumu. Nikasema anayo. Fundi mwenyewe nilimkuta dukani kwake anauza mabeseni ya plastiki, mzee wa Kihindi ambaye baba yake na babu yake walikuwa mafundi wa shaba mjini hapa.

"Wale wa urithi wamewahi kuja kwako?" nikamuuliza.

"Walikuja," akasema. "Walitaka kununua nyundo ya babu."

Alikuja uwani kwa taasisi na singlendi yake na kikoi. Alipasha sufuria, akaisugua kwa ile dawa inayotoa moshi, akatembeza bati lililoyeyuka kwa bonge la pamba mpaka ndani kukawa kweupe kama zamani. Wageni walipiga makofi. Mkurugenzi aliita tukio lile Ngoma ya Moto. Fundi aliniita pembeni, akanionesha kazi, akasema, "Hii sasa unaweza kupikia wafalme." Sufuria ikarudi ndani ya kioo.

Yakabaki maelezo. Ya Kiingereza niliandika kama nilivyoagizwa: chombo cha kutawadhia, mlinzi wa kimila, mshikamano. Mkurugenzi aliyasoma mara tatu, akahamisha koma moja, akairudisha. Ya Kiswahili akanisukumia bila kuyatazama, akasema, "Hayo nakuamini." Ndivyo alivyosema kila mara, tangu siku ya kwanza. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyeyasoma ya Kiswahili ila mimi niliyeyaandika. Basi nikaandika hivi:

"Sufuria hii ni wakfu wa mwanamke wa Mabawa. Ni ya kupikia. Imetiwa bati. Mwenye msiba, harusi, hitima au maulidi aje aichukue, airudishe imeoshwa."

Kikachapwa, kikabandikwa. Kwa wiki kadhaa hakikutokea kitu. Wageni walisimama mbele yake, wakasoma upande wa juu, wa Kiingereza, wakatikisa vichwa kwa heshima, wakapita. Nilianza kudhani kwamba nimejiridhisha mwenyewe tu, kama mtu anayemtukana tajiri kwa kunong'ona. Nilichosahau ni kwamba mlinzi wetu, mtu mzima wa Pongwe, hukaa chumba kile kutwa hana la kufanya isipokuwa kusoma.

Siku ile tulikuwa na ugeni mkubwa, wafadhili watarajiwa kutoka ng'ambo, na mkurugenzi alikuwa amevaa kanzu na kofia ingawa haikuwa Ijumaa. Alikuwa amewasimamisha mbele ya kioo anawaeleza habari ya udhu. Akaingia mwanamke wa makamo, amejitanda kanga mbili, viatu mkononi. Nje palikuwa na kirikuu, kile kigari cha mizigo, kinanguruma. Mwanamke akatoa salamu, akasoma kibao taratibu huku akifuata kwa kidole, akamaliza.

"Nimekuja kuchukua sufuria," akasema.

Mkurugenzi akatabasamu kwa wageni. "Sufuria gani, mama?"

"Hii. Shemeji yangu kafariki alfajiri, Pongwe. Tunazika alasiri na watu wanakuja mpaka kutoka Moa. Nimeambiwa kuna ya wakfu hapa, na hivi ndivyo ilivyoandikwa."

"Wapi?"

Mwanamke akamwonesha. Mkurugenzi akainama, akasoma Kiswahili chetu kwa mara ya kwanza, midomo ikimchezacheza. Alipoinuka aliniangalia mimi. Nilimwangalia na mimi. Safari hii nilikuwa chini, chumbani mle mle, si ghorofani.

Mgeni mmoja akauliza kinachoendelea. Mwingine alikuwa ameshatoa simu yake anarekodi. Mkurugenzi ni mtu aliyesoma, na aliona upesi kwamba yuko baina ya mfiwa na kamera. Akawageukia wageni akawaambia, kwa Kiingereza kizuri, kwamba huu ndio urithi unaoishi, ambao taasisi imeuandaa kwa muda mrefu. Wakaguswa sana. Akaniagiza nilete ufunguo, na kwa kuwa hakuweza kushindwa kila kitu kwa siku moja, akasema nilete na fomu.

Nilimjazia yule mwanamke fomu, amesimama, macho yake yako nje kwenye kirikuu. Jina, kijiji, tarehe. Nikafika kwenye mstari unaosema: Eleza kwa kina madhumuni ya kuazima kitu cha urithi.

"Wanauliza unaitakia nini," nikamwambia.

Alinitazama mimi, akautazama ukuta wenye nguzo, akanirudia mimi tena kwa huruma kidogo. "Kupikia," akasema. Nikaandika hivyo, mkurugenzi akatia sahihi.

Wanaume wawili na mlinzi wetu waliibeba bila glavu wakaipandisha garini. Kirikuu kilipokata kona nilimpigia shangazi simu, nikamwambia sufuria imetoka, imekwenda Pongwe msibani. Nilimsikia anahema. Kisha akauliza nani kafa, nikamwambia, akasema innalillahi.

"Bati ni jipya?" akauliza.

"Jipya, shangazi."

"Basi wawahi. Waambie wasiiweke motoni tupu, bati litayeyuka. Watie mafuta kwanza, ndipo wawashe."

Namba zao sikuwa nazo, maana fomu yetu ndefu haikuwa na mahali pa kuandika namba ya simu. Nikamwachia mkurugenzi wageni wake, nikatoka nje, nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva Pongwe, msibani, na akimbie, tufike kabla hawajawasha moto.